Kompyuta Iliyokosa Msonyo

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa jina hilo linafanyiwa maboresho. Tangu mwaka juzi limekwama kwenye asilimia thelathini na moja, na wananchi tumeombwa tusizime chochote mpaka limalize. Kwa hiyo hapa nitasema Nchi tu, na wewe unayesoma kutoka kwenu, ambako najua mambo kama haya hayapo kabisa, utanivumilia.

Yalianza hivi. Mtukufu Rais alialikwa nchi jirani. Wakampigia mizinga, wakamtandikia zulia, wakamchezea ngoma zao zote mpaka zile za misiba. Hayo hayakumgusa. Kilichomgusa ni kwamba katikati ya hotuba, rais mwenyeji alitoa simu mfukoni, akaikunja mara mbili kama chapati, akairudisha alikoitoa. Aliikunja tu. Mtukufu wetu akaitazama yake, bapa kama ubao wa kukatia vitunguu, akasonya. Msonyo ule ulinaswa na vipaza sauti vyote vya mkutano, ukaja moja kwa moja mpaka redioni kwetu, tukausikia tukiwa tunakuna nazi.

Kwingine wangeona haya. Sisi tukapata sera.

“Ndugu wananchi,” alituambia alipotua, “nilipokuwa ugenini kijiba cha roho kilinikaa hapa.” Akagusa koromeo. “Nikaagiza simu ya kukunja kabla ndege haijazima injini. Nikajiuliza: kama kijiba kimoja kimeleta simu moja, je, kila raia akikabwa na chake? Si tutawapita hao hadi watushangae?”

Watu walipiga makofi. Aliyepiga makofi kwa uchungu kuliko wote, mpaka machozi yakamlenga, alikuwa Bwana Kondo Mafumba, na jioni ile ile akawa Waziri wa Kijicho, Vifaa na Maendeleo.

Sheria yake ni nyepesi. Ukinunua simu, redio, pasi, chochote chenye swichi, unakificha ndani mpaka arobaini yake, kama mtoto mchanga. Siku ya arobaini unakitoa nje, na Msonyaji wa Serikali anakuja. Anakitazama juu mpaka chini, chini mpaka juu. Roho ikimuuma, anasonya. Akishasonya, anakifunga kifaa chako uzi mweusi wenye muhuri, na kuanzia hapo ni halali. Asiposonya, basi kifaa chako hakina faida kwa jirani, kinabebwa kwenda Kinu cha Taifa kusagwa. Unga wake nasikia wanatengenezea vizuizi vya milango ya wizara.

Mwanzoni palikuwa na udanganyifu. Mtu anampikia msonyaji biriani, msonyaji anasonya kwa shibe. Ndipo serikali ikaleta kipima msonyo, kijisanduku cha kuning'iniza shingoni chenye mshale mwekundu. Mshale ukianza kusogea unafika “Mh”, katikati kuna “Nyoo”, na mwisho kabisa kumeandikwa “Mfyuuu”. Msonyo wa kuigiza hakiutambui. Kinataka ule unaotoka chini ya mbavu.

*

Mimi ndiye Bi Siwema. Naishi nyumba ya vyumba sita na uwa mmoja, na sisemi kwa kujisifu, lakini televisheni yangu ni ya inchi sitini na tano. Siku inaingia ilibidi kitanda kitoke. Msonyaji aliyekuja alisonya mpaka akaomba kuketi. Nailoni yake ipo vile vile, ya kioo na ya rimoti, maana kuibandua bila kibali ni kosa: kitu kikishabanduliwa kinazoeleka, na kitu kilichozoeleka nani atakionea kijicho? Kwa hiyo picha inatoka kama mtu anayeoga maji ya moto. Msoma habari tunamjua kwa sauti.

Lakini watu! Ikishapita magharibi tu chumba changu hakina pa kutia sindano. Mimi ndiye najua nani kaachwa, nani karudiwa, nani kapika nyama katikati ya wiki na kafunga dirisha. Mimi si mtu wa wivu, muulizeni yeyote. Mwenye chumba kilichojaa anamwonea nani wivu?

Chumba cha mwisho, kile kinachopakana na choo, anakaa Zahor. Kazi yake ya mkono ni kutengeneza kadi za harusi, matangazo ya misiba na video za sherehe. Kazi yake ya mdomo ni maoni. Zahor ana maoni juu ya kila kitu kinachochajiwa. Hajawahi kununua kipya hata kimoja, lakini ukimwonyesha chako dakika moja, anakwambia kitakufa na ugonjwa gani.

Mama Kashinde wa chumba cha pili, shoga yangu, aliwahi kutoa simu yake siku ya arobaini, uzi mweusi bado unanukia wino, akampelekea kwa maringo.

“Ina kamera ngapi?” Zahor akauliza.

“Nne, baba. Na tochi.”

“Ya kwanza ya nini?”

“Ya mbali.”

“Ya pili?”

“Ya mbali zaidi.”

“Na wewe, Mama Kashinde, umewahi kumpiga picha mtu wa mbali? Wewe si unapiga picha pilau?”

Uwa mzima tukacheka.

“Haya, tundu la waya wa masikioni liko wapi? Wamelitoa. Wakakuuzia vidude viwili vya kujitegemea. Kimoja kiko wapi?”

“Kimetumbukia chooni,” akasema Mama Kashinde, sauti chini.

“Basi. Ule waya ndio ulikuwa unakishika mkono.”

Hivyo ndivyo alivyo. Simu iliyogandishwa kwa gundi isifunguke, anasema, hujanunua, umeazimwa. Saa inayomwambia mtu apumue, anauliza, kabla yake alikuwa anapumuliwa na nani? Friji la kigogo mmoja halifunguki mtandao ukikatika: siku ya Idi familia nzima ilikula mkate mkavu, nyama inawatazama kwenye kioo. Na kompyuta mpya anasema zina adabu ya mgeni mbaya. Unaiwasha ufanye kazi, inakwambia ngoja kwanza mimi nijiboreshe, na ikimaliza kujiboresha imehamisha kila kitu ulichokijua kilipo.

Yake yeye anaiita Bi Mkubwa. Aliipata ikiwa imeshatumika kwa watu wawili. Nene kama tofali, herufi zimefutika zote isipokuwa Q, maana hakuna anayeitaka. Bawaba moja imevunjika akaifunga waya, na betri inashikiliwa na mpira uliochomolewa kwenye bukta. Ukiiwasha inaguna kama inapanda mlima. “Lakini inaniuliza kitu?” Zahor husema. “Haiulizi kitu. Naiwasha, inawaka, tunafanya kazi.”

Sasa hapo ndipo palipokuwa na hatari, ingawa sisi tulidhani ni porojo. Kila aliyekaa na Zahor nusu saa kijiba chake kiliyeyuka. Mtu alikuwa anatamani simu ya jirani mpaka hapati usingizi, anamsikiliza Zahor, anakwenda zake kulala. Wizarani wana ramani kubwa ya Nchi, sehemu zenye kijicho zinawaka nyekundu. Mtaa wetu, wakaona, umeanza kupoa.

*

Tangazo lilikuja jioni, chumba changu kimejaa mpaka mlangoni. Waziri Mafumba akatokea katikati ya mvuke wa nailoni.

“Ndugu wananchi! Kifaa asichokitamani jirani ni kifaa kilicholala. Kifaa kikilala, mwenyewe analala. Mwenyewe akilala, mtaa unalala. Mtaa ukilala, Nchi inalala. Na Nchi ikilala, nani atabaki macho kuangalia wenzetu wana nini? Hivyo natangaza Zoezi la Kusonya Nyumba kwa Nyumba. Safari hii na vya zamani! Kisichosonywa kisagwe!”

Tukashangilia, maana ana sauti nzuri. Kisha mmoja mmoja tukageuka kumtazama Zahor. Alikuwa amekaa chini karibu na ndoo ya maji. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie hakuwa na maoni.

Nilimfuata uani baadaye. “Mdogo wangu, si utanunua nyingine?”

“Dada Siwema, programu yangu ya kadi haiingii kwenye hizi mpya. Mpya zinataka mtandao, zinataka ulipie kila mwezi, zinataka kujua jina la mama yangu. Bi Mkubwa akisagwa mimi sina kazi. Nitarudi kijijini kwa kaka nikalime mihogo, na kaka mwenyewe unamjua.”

Simjui, lakini habari zake ninazo. Ni mtu anayekuhesabia matonge kwa macho.

Basi nikaitisha nyumba nzima. Tukaweka Bi Mkubwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya uwa, tukajipanga tufanye mazoezi ya kuionea kijicho. Mama Kashinde akatangulia. Akashika kiuno, akaitazama juu mpaka chini, akavuta mdomo.

“Mf... mfy...” Akaishia kuinamisha kichwa. “Jamani, maskini.”

“Usiseme maskini!” Zahor akaruka. “Hilo lenyewe ni kosa!”

Na ni kosa kweli. Kukihurumia kifaa cha mwenzio hadharani kuna kifungu chake, tena kipima msonyo kina upande wa kushoto wa sifuri, na huko wameandika “Ole”. Mshale ukienda huko hakuna mjadala.

Wakajaribu wote. Mpangaji wa chumba cha nne alisonya vizuri sana, tukafurahi, kumbe alikuwa amemkumbuka mke wake wa kwanza.

“Dada, jaribu wewe,” Zahor akaniomba. “Wewe una kifua.”

Nilijaribu kwa moyo mmoja. Nikafumba macho, nikajiambia: Siwema, tazama, Zahor anayo hii na wewe huna. Nikasikia nafuu ya ajabu.

“Zahor baba, kitu kimefungwa waya kama mguu wa kuku. Nikionee nini?”

“Tuivishe nailoni,” akasema Mama Kashinde.

“Bi Mkubwa hajavaa nailoni tangu azaliwe na hatavaa leo,” akajibu Zahor, akaikumbatia, akaingia nayo ndani.

*

Aliyepangiwa mtaa wetu alikuwa Bwana Ngwali, Msonyaji wa Serikali Daraja la Pili, mtu mrefu mwenye midomo iliyochoka. Alifika jua linazama, kipima kinamning'inia shingoni, na chupa ya maji ya ukwaju mkononi ya kulainishia mdomo.

“Shikamoo, mheshimiwa,” tukasema, hata waliomzidi umri.

“Marahaba. Nimesonya tangu asubuhi. Nimemaliza soko zima. Ulimi umekuwa kama msasa. Tufanye haraka.”

Akaanza kwangu. Aliitazama televisheni, akavuta pumzi, na msonyo ukatoka wenyewe, mtamu, mshale ukapita “Nyoo”. Nikasema alhamdulillahi, karibu tena. Akaenda kwa wengine, mguno hapa, msonyo pale, uzi mweusi unafungwa. Mwisho akafika chumba kinachopakana na choo.

Zahor alikuwa ameifuta Bi Mkubwa kwa mafuta ya nazi. Inang'aa, na waya wake unang'aa. Bwana Ngwali akaiangalia. Akanywa ukwaju. Akaiangalia tena, safari hii kwa jicho moja. Mshale haukusogea. Akajaribu kwa upande. Mshale ukatikisika, ukaanza kuelekea kushoto taratibu.

“Bwana,” akasema Ngwali, na naapa sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa, “mimi nina stashahada. Nimewahi kusonya pasi ya mkaa. Lakini hii nikiendelea kuitazama nitalia, na nikilia kuna kifungu kinanihusu mimi mwenyewe.”

“Jaribu mara nyingine, mheshimiwa. Ikiwaka ina sauti nzuri.”

“Kwa mamlaka niliyopewa, kifaa hiki...”

“Basi nipe muda kidogo tu,” Zahor akamkatiza. “Ndani yake kuna video ya harusi ya binti wa Mama Kashinde. Mama wa watu anaisubiri. Niihamishie kwenye flashi, kisha chukua.”

Bwana Ngwali akatazama chupa yake. “Ukwaju huu ukiisha, muda umeisha.” Akaketi kitandani.

Mimi nilikuwa nimesharudi chumbani, maana Waziri alikuwa hewani anaeleza mafanikio ya zoezi, na watu wangu wote walikuwa wameketi. Mara kutoka mwisho wa ukumbi ikaja sauti ya tarumbeta. Zahor alikuwa anaipitisha video kuhakiki kama imehama salama.

“Huyo mimi!” Mama Kashinde akapiga kelele huko. “Jamani njooni, huyo mimi na kilemba!”

Wa kwanza kuondoka kwangu alisema anakwenda kukojoa. Wa pili akasema anamfuata wa kwanza. Wa tatu hakusema kitu. Waziri alipofika kwenye takwimu, chumbani tulikuwa wawili, mimi na yeye, na yeye alikuwa kwenye mvuke.

Nikangoja. Kicheko kikaja ukutani. Halafu kimya cha watu wengi wanaotazama kitu kimoja, halafu kicheko tena, kikubwa, cha pamoja, kile ambacho miaka yote kimekuwa kikitokea kwangu. Nikanyanyuka na rimoti yangu mkononi. Nilikwenda kuwaambia wapunguze sauti, basi.

Mlango ulikuwa umezibwa na migongo. Nikachungulia kati ya mabega. Chumba kile cha Zahor, ambacho hata paka hukipita mbio kwa harufu ya choo, kilikuwa kimejaa mpaka juu ya kitanda, mpaka dirishani. Kioo cha Bi Mkubwa kilikuwa kidogo kama sinia la kuchagulia mchele, lakini picha ilikuwa wazi, safi, unaona mpaka jasho la mpiga tarumbeta. Msonyaji wa Serikali mwenyewe alikuwa anacheka, ukwaju umemwagikia shati. Na mbele kabisa, kwenye kigoda changu mimi, kilichotoka chumbani kwangu nisijue, amekaa Mama Kashinde, anakula kashata zangu kwenye bakuli langu, anawaeleza watu nani ni nani. Kazi yangu ile! Hata mmoja hakugeuka kusema, Bi Siwema, pita.

Hapo ndipo ulipotoka.

Sikuupanga. Ulianzia kwenye visigino. Ulipita tumboni ukachukua vyote vilivyokuwamo, ukapanda kifuani, ukanijia kwenye meno, nikausikia mwenyewe kama wa mtu mwingine: mfyuuuuu! Tarumbeta zilionekana kunyamaza. Kwenye shingo ya Bwana Ngwali mshale ukaruka mpaka mwisho, ukagonga ukuta, kioo kikapasuka, moshi mwembamba ukatoka.

Watu wote wakageuka.

“Nani huyo?” Bwana Ngwali alikuwa amesimama.

“Ni jino,” nikasema. “Limeoza.”

“Mama, huu ni msonyo wa raia wa daraja ambalo sisi tunafundishwa kwa picha tu. Tangu ule wa Mtukufu haujasikika kama huu. Na sheria inasema msonyo ni msonyo, uwe wa afisa au wa mwananchi. Ninachotaka kujua ni kimoja. Umesonya nini?”

Nikamwona Zahor. Alikuwa ameshika ile flashi kwa mikono miwili, ananitazama kama mtu anayesubiri daktari. Nikisema kigoda, Bi Mkubwa anakwenda kinuni. Nikisema kashata, ni hivyo hivyo. Nikisema kompyuta, basi mimi Siwema, mwenye inchi sitini na tano, nimekionea kijicho kitu kilichofungwa mpira wa bukta, na kesho mtaa mzima utajua, maana wa kuusimulia wote walikuwa mle ndani.

“Hiyo,” nikasema.

“Hiyo ipi? Taja kwa ajili ya kumbukumbu.”

“Hiyo kompyuta, bwana! Nimeionea kijicho, roho imeniuma, inaniuma mpaka sasa hivi, ifunge huo uzi uondoke!”

Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Zahor alilia. Bwana Ngwali akatafuta pa kufunga uzi, akaona pale kwenye waya panafaa.

*

Habari zilipofika wizarani, Waziri Mafumba hakulala. Kifaa kilichosonywa kuliko vyote Nchini ni kompyuta kuukuu! Akaunda tume. Tume ikaja, ikapima, ikaondoka, na muda si mrefu wakubwa wote wakaonekana na kompyuta mpya zilizofungwa waya. Dukani ukitaka iliyovunjwa bawaba kiwandani lazima uagize. Mtukufu mwenyewe, wanasema, alifuta herufi zake zote akabakiza Q, na barua za serikali tangu siku hiyo zinasomeka vigumu kidogo, ingawa hatujaona tofauti.

Sisi huku tulibaki na jambo moja. Kumbe msonyo wa raia, ingawa ni msonyo, hauna nguvu ya kudumu. Kila mwezi lazima urudiwe, na aliyesonya mwanzo ndiye arudie, mbele ya kipima kipya.

Mwanzoni Zahor hakulitia maanani. Alinipenda! Alinitengea kiti cha mbele chenye mto. Chai ya kwanza yangu. “Dada Siwema ndiye mwokozi wangu, mpisheni.” Watu wakahamia kwake moja kwa moja jioni, nami nikahamia nao, nikakaa pale mbele nikawa naeleza nani ni nani kama zamani. Nikanenepa. Siku moja, mwezi unakaribia kuisha, Mama Kashinde akasema, “Shoga, hebu jipime kidogo.”

Nikaitazama Bi Mkubwa. Nikavuta mdomo.

“Mh,” nikasema.

Chumba kikapoa. Nikavuta tena. Ikatoka kama mtu anayepoza uji.

“Dada,” Zahor akasema polepole, “umeridhika?”

“Mimi? Hata kidogo!”

Lakini nilikuwa nimeridhika, na kila mtu aliliona, lilikuwa limenitoka usoni kama mafuta. Zahor akainuka, akauchukua ule mto wangu, akampa mpangaji wa chumba cha nne.

Kuanzia hapo alinitenda. Salamu alianza kwa wote, mimi mwisho, tena kwa kidevu. Chai ikifika kwangu alisema sukari imekwisha. Kiti cha mbele akapewa Mama Kashinde, mimi nikapewa mahali karibu na mlango, ambako harufu ya choo haikosi. Nikamwambia, “Zahor, nimekukosea nini?” Akageuza uso upesi, akajifuta jicho kwa ukosi wa shati.

Siku ya Bwana Ngwali ilipofika, chumba kilijaa kuliko siku zote. Kipima kipya, ukwaju mpya. Zahor akasema kwa sauti kavu kwamba leo tutatazama ile harusi, imekamilika, ameipunguza palipokuwa parefu. Tukatazama. Akapita Mama Kashinde na kilemba. Akapita mpiga tarumbeta. Wakapita wapangaji wote wanacheza, hata yule wa chumba cha nne asiyejua kucheza, amewekwa mara mbili. Nikangoja. Mimi nilicheza harusi ile mpaka viatu vikaniacha, na gauni langu la dhahabu lilizuia watu kuona keki. Nikangoja mpaka majina ya walioandaa. Sikuwamo. Alikuwa amenikata nikatoka mzima, umebaki mkono wangu mmoja kando ya kioo, unapiga kofi.

Kipima kile nacho kilipasuka.

Bwana Ngwali alifunga uzi, akaandikisha, akatupongeza kwa uzalendo. Watu wakatawanyika wakinipisha kwa heshima, kama anavyopishwa mtu aliyetoka kutoa damu. Mimi nilikwenda uani kukaa peke yangu juu ya ndoo.

Zahor akaja. Alikuwa na kikombe, chai yenye iliki nyingi, na flashi ndogo. Aliviweka chini karibu nami, hakuketi.

“Ni ile yote,” akasema. “Uliyomo wewe. Nimekuweka mwanzo, katikati na mwisho. Ile sehemu ya kuzunguka na kanga nimeipunguza mwendo, gauni linaonekana lote.” Akafuta pua. “Usiitazame mbele za watu, dada. Nakuomba. Na kesho nitakupita bila salamu.”

“Nipite,” nikasema. “Ole wako unisalimie.”

Niliitazama kwangu, nimepunguza sauti mpaka mwisho. Mara ngapi, hilo si la serikali kujua. Asubuhi Mama Kashinde alinikuta bombani.

“Shoga, mbona macho yamevimba?”

“Hasira,” nikamwambia. “Nimekesha na hasira.”

Akanitazama usoni, akatazama huku na huku kama hakuna anayesikia, akanisogelea.

“Basi hasira zenyewe usizitabasamu, Siwema. Bado mwezi mzima.”